Watoto wa Mandera Katika Hesabu ya Kenya



Ukiingia darasa lolote la hesabu za watu pale chuoni utachorewa mstari mmoja unaoshuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto 8. Mwaka 1989 wakawa 6.7, mwaka 1993 wakawa 5.4, na 1998 wakafika 4.7. Ulimwengu ulistaajabu. Halafu kijana mmoja wa nyuma huuliza, "Na kule kwenu Mandera je?" na darasa zima linacheka. Mimi nilicheka pia. Lakini nilipozifungua ripoti zenyewe nikakuta ajabu: tafiti za 1989, 1993 na 1998 zilifanywa bila Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Yaani Garissa, Wajir na Mandera hazimo kabisa! Utafiti wa kwanza kufika kote nchini ni ule wa 2003.

Hebu turudi nyuma kidogo. Serikali ilianzisha mpango wa uzazi mwaka 1967, mapema kuliko nchi nyingine za Afrika kusini ya Sahara. Kwetu 1967 ni mwaka gani? Ni mwaka wa makubaliano ya Arusha, vita vya shifta vilipokuwa vikiisha. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa mpaka Novemba 1991. Basi wakati mama wa Nyeri anafunguliwa kliniki, mama wa Mandera anaonyesha kipande kwenye kizuizi cha barabarani. Miaka ni ile ile, lakini historia ni mbili.

Mwaka 2003 mkoa wetu ulionekana una watoto 7.0 kwa kila mama, na taifa 4.9. Wako waliosema ni sisi tuliopandisha wastani wa nchi. Si kweli. Hata ukituondoa, kushuka kulikuwa kumesimama huko huko kwao. Baadaye taifa likaendelea kushuka: 4.6, kisha 3.9 mwaka 2014, na 3.4 mwaka 2022. Mwaka huo wa 2022 Nairobi ilikuwa 2.5 na Mandera 7.7, ya juu kuliko kaunti zote. Lakini 2014 Mandera hiyo hiyo ilikuwa imeandikiwa 5.2. Je, tuliongeza watoto wawili na nusu kwa miaka minane? Sidhani. Kaunti moja huulizwa wanawake wachache tu, na wachache wakibadilika, hesabu yote inaruka.

Hapo ndipo siasa huingia. Sensa ya 1999 iliipa Mandera watu 250,372, na ya 2009 ikaipa 1,025,756. Mwaka 2010 serikali ikayakataa matokeo ya wilaya nane, tatu kati yake za Mandera. Wazee walijitetea, "Sisi tunazaa." Tusidanganyane, jamani. Hata watu wakiongezeka kwa asilimia 4 kila mwaka, kasi kubwa sana hiyo, 250,372 haifiki hata 400,000 kwa miaka kumi. Labda 1999 wafugaji wengi hawakufikiwa, labda wengine walihama wakaja, labda karatasi zilijazwa usiku. Uzazi peke yake hauwezi. Sensa ya 2019 ikaandika 867,457.

Watu wa nje husema sababu ni dini. Iran ilikuwa na zaidi ya watoto 6 kwa kila mama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 2000 walikuwa karibu 2. Bangladesh pia imeshuka sana. Kunyonyesha miaka miwili kumo katika Suratul Baqara, na maulamaa walijadili azl karne nyingi kabla ya kidonge kuwepo. Kwetu sababu ziko karibu zaidi: msichana anayetolewa shule mapema, mifugo inayotaka mikono, na ukame unaochukua wadogo. Mwaka 2022 wake wa Mandera waliotumia njia za kisasa za kupanga uzazi walikuwa 2 kwa kila 100.

Na gharama yake hulipwa na akina mama. Kutokana na sensa ya 2009 ilikadiriwa kwamba Mandera ilipoteza mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wakati taifa lilikuwa 495. Sensa ile ile iliyokataliwa! Wakubwa waliikataa ilipogusa mgao na viti vya bunge, lakini ya makaburi ya mama zetu haikupingwa kwa sauti hiyo.

Usiku wa sensa, Agosti 2019, karani alimkalisha nyanya yangu kwenye mkeka na kumuuliza amezaa watoto wangapi. Akasema tisa. Karani akaandika, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Mimi nikamwambia, "Lakini nyanya, si huwa unatuambia kumi na wawili?" Akanitazama kama mtoto asiyejua kitu. "Wale watatu," akasema, "yeye angewaweka wapi?"