Habari za Mabanda Yetu na za Mafundi Waliyoyajenga

Wengine huwaandikia habari za maaskofu na mapadre, na za makanisa ya mawe yenye minara. Sisi twapenda kuwaandikia habari za banda. Maana mahali pengi kabla ya kanisa la mawe palikuwa na banda la miti, na kabla ya banda palikuwa na mapatano baina ya fundi na watu waliomwita. Watu hukumbuka siku ya kubarikiwa nyumba, wala si wengi wakumbukao mapatano yale. Walakini ndiyo yaliyoisimamisha nyumba au kuiangusha.

Banda la pwani hujengwa hivi. Kwanza huchimbwa mashimo, nguzo zikasimamishwa. Juu ya nguzo hulazwa mitambaapanya. Juu yake hupandishwa makombamoyo, na fito hufungwa kwa kamba za mnazi. Kisha huezekwa makuti. Wakitaka kuta, husuka fito na kukandika udongo. Miti iliyo bora kwa kazi hii ni mikoko, nayo zamani ilikatwa Rufiji na Lamu, mahali maji ya chumvi yanapokupwa na kujaa, kwa kuwa mchwa haipendi. Kila unene una jina lake: fito ni nyembamba kabisa, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Zamani majahazi yaliichukua miti hii hata Arabuni na Ghuba ya Ajemi, nchi zisizo na miti mirefu, na upana wa vyumba vya huko, kama vya Lamu na Unguja, ulifuata urefu wa boriti. Basi kazi ya fundi wa banda si kazi ya kudharauliwa. Ni elimu ya kale.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akapita Lindi, akaenda bara pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakakaa Masasi. Watu wale walianza kwa shoka na jembe, wala hawakuanza kwa mawe. Walikata miti, wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 mji wao ulishambuliwa, na mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto. Kila mara watu walirudi, wakajenga tena. Twajifunza hapa ya kuwa nyumba yaweza kuungua, lakini ujuzi ulio mikononi mwa watu hauungui.

Huko Unguja nako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka ule liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo mahali pale pale. Askofu Steere mwenyewe aliisimamia kazi, na Noeli ya mwaka 1877 watu walisali ndani, ujenzi ungali haujaisha. Husimuliwa ya kuwa siku moja Askofu alipokuwa hayupo, mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, naye aliporudi akaziacha zikae vivyo hivyo. Hata leo mgeni akiingia huonyeshwa nguzo zile, na watu hucheka. Sisi pia tulikuwa tukicheka. Sasa hatucheki sana, na sababu yake tutaieleza.

Mwaka 2011 katika mtaa wetu tulitaka banda la kufundishia watoto. Tukamwita fundi mmoja mzee wa kijiji jirani, tukapatana naye ujira kwa mafungu matatu. Alipoiona miti tuliyomletea, aliigusa kwa kucha, akasema, "Walimu wangu, miti hii imekatwa juzi, ingali na maji. Yataka kukauka kivulini, na upande uingiao ardhini yataka kuunguzwa moto mpaka uwe mweusi, kwa ajili ya mchwa." Tukamjibu, "Mzee wetu, twakusikia, lakini sikukuu haingoji." Akanyamaza, akajenga. Sikukuu ikafika, tukaimba, tukapigiwa makofi. Fungu la tatu tukamwambia angoje mavuno. Mavuno yakaja, tukamwambia tena angoje.

Masika ya pili banda likaanza kuinama, na usiku mmoja wa upepo likaanguka. Twamshukuru Mungu hapakuwa na mtoto ndani. Asubuhi wote walisema neno moja tu: fundi ametudanganya. Likatangazwa hata mbele ya watu siku ya Jumapili, naye mwenyewe alikuwa ameketi palepale. Tangu siku ile hapana aliyemwita kazini tena.

Ndipo tulipokwenda kuondoa miti iliyoanguka. Nguzo moja baada ya moja tuliiona imeliwa na mchwa hata kuwa kama unga. Lakini nguzo tatu za pembeni zilikuwa zimesimama imara. Tulipozichimbua tuliona zimeunguzwa chini, nyeusi mpaka juu ya usawa wa ardhi. Mzee yule, katika haraka ile tuliyomtia, alipata nafasi ya kuziunguza tatu, wala hakutudai cha zaidi. Tukatazamana, hatukuwa na la kusema.

Jioni ile tulikwenda kwake, tukamchukulia fungu lake la tatu. Alilipokea akalihesabu, kisha akasema, "Fedha ni haki yangu, nimeipokea. Lakini neno lililosemwa mbele ya watu halirudishwi nyuma ya nyumba." Basi Jumapili iliyofuata tukasimama mahali pale pale, tukayarudisha maneno yetu. Banda la pili alijenga yeye, kwa miti iliyokauka, nasi tukangoja.

Kwa hiyo, ninyi walimu na wazee wa mitaa, mkitaka kujenga, hata kama leo mwaezeka kwa bati, fanyeni hivi. Mwulizeni fundi kwanza, ndipo mpange siku ya sikukuu. Mapatano yaandikwe: urefu na upana, miti ya namna gani, nani ataileta, na ujira utalipwa lini. Msimpe fedha zote siku ya kwanza, wala msimnyime siku ya mwisho. Na nyumba ikianguka, chimbueni nguzo kabla ya kumhukumu mtu. Wazee walisema, haraka haraka haina baraka. Nasi twaongeza ya kuwa hasara ya haraka mara nyingi hutwikwa mtu asiyekuwa na haraka.

Nguzo moja katika zile tatu tumeisimamisha mlangoni pa banda jipya. Watoto huegemea hapo wakingoja kengele.