Hukumu ya Mzee Anayeishi Peke Yake Kuvaa Kengele ya Dharura

SWALI: Mama yetu ana miaka 78, anaishi peke yake Unguja na hataki kuihama nyumba yake. Sisi wanawe tuko Muscat na Dar es Salaam. Tumemnunulia kidude cha kuvaa shingoni chenye kitufe cha kuitia msaada, lakini anasema kinafanana na hirizi. Je, inajuzu? Na tukishampa, tumetekeleza wajibu wetu?

JAWABU: Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Vidude vya aina hii vingi hutiwa laini ya simu. Mzee akianguka hubonyeza kitufe, nacho hupiga namba zilizowekwa, moja baada ya nyengine.

Kukivaa inajuzu. Hirizi imekatazwa kwa kuwa mtu huitegemea kwa jambo isiloliweza. Kengele ni sababu ya dhahiri, kama fimbo au miwani. Kuchukua sababu hakupingani na tawakkul. Katika Hadithi ya Tirmidhiy, mwenye ngamia aliamrishwa kumfunga kwanza, kisha ategemee.

Yazingatieni haya:

1. Udhu: Kikivaliwa mkononi, kisogezwe ili maji yafike chini yake. Ikiwa hakikuandikwa jina la Allaah, avae hata chooni na anapokoga, kwani huko ndiko kwenye utelezi. Nunueni kisichoingia maji.

2. Swala: Akihisi hatari ndani ya swala, abonyeze, na akihitaji kusema aikate. Na aliyepigiwa akiwa anaswali, akautambua mlio na hakuna mwengine wa kwenda, ni wajibu aikate. Kuokoa uhai kunatangulizwa.

3. Mlango: Ufunguo wa pili awekewe maharimu wake au jirani wa kike. Wasipopatikana, mwanamme aliye karibu ataingia kwa dharura, na amsitiri.

4. Gharama: Mzazi asiye na uwezo, matumizi yake ni juu ya watoto wenye uwezo. Kwa madhehebu ya Imaam Shaafi'iy, mtoto huyo hawezi kulipia kwa zaka yake.

Ama wajibu wenu, haujaondoka. Simu ikilia Muscat saa nane za usiku, nyinyi hamuwezi kuufungua mlango wa Unguja. Basi namba ya kwanza iwe ya mtu anayeweza kufika kwa miguu, na mumuombe kwa kauli, si kumuwekea namba yake bila ya kumuarifu. Kila mwezi mama abonyeze kwa majaribio, muone nani anaitika.

Suratul Israa, Aya ya 23, imeamrisha wema kwa wazazi na ikataja khasa wanapofikia uzee. Mpigieni simu kila siku, pangeni zamu za kuja, na mmoja wenu akiweza kurudi kukaa naye, hilo ni bora zaidi.

Na Allaah Anajua zaidi.