Amana ya Wakati: Kutoka kwa Muwaqqit Hadi Saa ya Mkono

Kila sifa njema ni Zake Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, Sura An-Nisaa, aya ya 103, imeifunga swala na nyakati zake. Ndiyo maana wanazuoni waliotutangulia hawakumwachia kazi ya kujua wakati mtu yeyote tu. Zama za Mamluki, misikiti mikubwa ya Misri na Sham ilikuwa na muwaqqit, mjuzi wa falaki na hesabu. Mashuhuri miongoni mwao ni Ibn al-Shatir (aliyefariki mwaka 777 Hijria, sawa na 1375), muwaqqit wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus. Mwaka 773 Hijria aliweka kwenye mnara wa msikiti huo saa ya jua ya marumaru iliyochorwa kwa ustadi mkubwa.

Zilipoenea saa za magurudumu, Waothmani walijenga vyumba vya muwaqqit kando ya misikiti, na watu wakipita kurekebisha saa zao za mfukoni. Kwao saa 12 ilikuwa ni kuchwa kwa jua. Kwa kuwa machweo ya Istanbul huhama sana kwa misimu, saa hizo zilihitaji kurekebishwa kila mara. Uturuki iliacha rasmi hesabu hiyo mwaka 1926.

Funzo ni hili: chombo hakikuaminiwa peke yake, kilipimwa kwa jua.

Leo waadhini wengi hutegemea saa ya mkono, na wapo wenye saa kuukuu za otomatiki. Mwingereza John Harwood alipata hataza ya saa ya aina hiyo mwaka 1924: kizito kilicho ndani huyumba kwa mwendo wa mkono na kukaza springi. Wengi hudhani kuwa saa inayojijaza haihitaji fundi. Sivyo. Mafuta yake hukauka, na mwendo huharibika. Springi nyembamba ya gurudumu la mizani ikishika sumaku, mizunguko yake hugandana na saa hukimbia. Fundi hodari huifungua yote, huisafisha, hutia mafuta mapya, huondoa sumaku, kisha huipima ikiwa imelala na ikiwa imesimama ndipo arekebishe kasi yake.

Tusidharau sekunde. Saa inayokimbia sekunde 10 kwa siku, isiporekebishwa, hutangulia dakika 5 katika Ramadhani moja. Karibu na Ikweta jua huzama kwa dakika 2 hivi tangu liguse upeo. Basi adhana ikitangulia dakika 5, watu hufuturu na jua zima lingali juu! Katika madhehebu ya Imamu Shafi, aliyefuturu akidhani jua limetua, kisha ikabainika halijatua, atailipa siku hiyo.

Basi mwenye kushika adhana aipeleke saa yake kwa fundi, na baada ya hapo asiache kuilinganisha na jua. Shingo za wenye kufunga zimo katika amana yake.

Wallahu a'lam.