Zinjanthropus: Jina Lililokufa Ambalo Lingali Linafundisha

Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita Rhotia na Karatu kabla ya kufika lango la Ngorongoro, na ng'ambo ya kreta ndiko liliko bonde la Olduvai. Huko, Julai 17, 1959, Mary Leakey aliona fuvu ambalo mumewe, Louis, aliliita Zinjanthropus boisei. Leo wataalamu wengi husema Paranthropus boisei. Sehemu ya kwanza ya jina imefutwa, nami nashikilia kwamba darasani isifutwe, kwa sababu silabi zake zinaeleza historia ya ugunduzi wenyewe.

Zinj ni jina ambalo wanajiografia Waarabu waliipa pwani ya Afrika Mashariki na watu wake. Anthropus ni mtu, kwa Kigiriki. Louis alikuwa anadai jenasi mpya kabisa. Hoja hiyo ilishindwa: fuvu lilifanana mno na yale ya Afrika Kusini ambayo Robert Broom aliyaita Paranthropus mwaka 1938, na kanuni za majina ya wanyama hulipa haki jina lililotangulia. Boisei limebaki kwa kuwa spishi yenyewe ilikubalika kuwa ya pekee. Hivyo jina la mfadhili, Charles Boise, linaishi, na jina la Afrika Mashariki limeondoka. Hata mkazo una la kusema. Waingereza huuweka kwenye "jan". Lakini "o" ya anthropus ni ndefu katika Kigiriki, hivyo kwa kanuni ya Kilatini mkazo huangukia "thro", silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapouweka. Mwanafunzi wa Rhotia anayetamka hivyo hajakosea.

Atasemaje anayekumbusha kwamba Zinj ni jina la wageni, lenye kumbukumbu ya utumwa? Ni kweli. Lakini mzizi huohuo umo katika Zanzibar, na kwa njia hiyo umo katika Tanzania. Pingamizi zito zaidi ni la anthropus: linamfanya mtoto adhani huyu ni babu yetu. Louis mwenyewe alimdhania mtengenezaji wa zana za mawe, mpaka mwaka 1964 sifa hiyo ilipohamishiwa Homo habilis. Jina la kale ndilo linaloonyesha ushahidi ukibadili imani ya mtafiti mashuhuri. Jina jipya pekee haliwezi. Walimu wa Karatu na Ngorongoro, andikeni yote mawili ubaoni, na mwaka wa kila moja.