Nani Anastahili Namba? Asili ya Mabishano ya Mpira Kando ya Mto Tana

Katika Kiswahili cha wapenzi wa kandanda, neno "namba" halina tena maana ya tarakimu ya mgongoni mwa jezi peke yake, bali ni nafasi ya mchezaji katika kikosi kinachoanza, na mchezaji anaposemwa kuwa hana namba huwa amekwisha kupitwa na wenzake. Kutokana na maana hiyo kumekua desturi ya kubishana juu ya nani anastahili namba na nani anaikalia bure, desturi ambayo huko Garsen na katika vijiji vya delta ya Mto Tana, kama ilivyo kwingine pwani, ina utaratibu wake: mchezaji anayewagawa watu hutajwa, mtetezi wake hujitokeza, mpinzani hudai ushahidi, na waliobaki hugeuka mahakama. Aitazamaye desturi hiyo kwa haraka huidhania kuwa zao la televisheni na ligi ya Uingereza, ilhali televisheni imeleta majina tu. Namna yenyewe ya kubishana ni kongwe kuliko mpira.

Garsen ni njia panda. Hapo ndipo barabara itokayo Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile inayopanda kaskazini kupitia Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, hadi Garissa. Wapokomo, wakulima wa kingo za mto ambao lugha yao ni ya Kibantu, wanaishi hapo pamoja na Waorma na Wawardei, wafugaji ambao lugha yao ni ya Kikushi, na pamoja na Wagiriama, Wasomali na Waswahili wa Kipini, mji ulioko pale mto unapoingia baharini. Kaunti nzima ilihesabiwa watu 315,943 katika sensa ya mwaka 2019, idadi ndogo kwa eneo kubwa kiasi hicho, na kwa kuwa hakuna lugha moja ya nyumbani inayowakusanya wote, Kiswahili kimekuwa uwanja wa katikati ambamo Mpokomo na Muorma wanaweza kubishana bila mmoja kuwa mgeni wa mwenzake.

Kesi ya kale zaidi ya mtu aliyebishaniwa nafasi yake katika nchi hii ya delta ni ya Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili ambaye mapokeo yanasema alizikwa Ozi, karibu na Kipini. Kisa chake, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitia katika utendi mwaka 1913, ni kisa cha mtu ambaye uwezo wake haukuwa na shaka lakini nafasi yake ilikuwa na shaka tupu. Alikuwa hodari wa upinde, malenga na mchezaji wa gungu, yaani ngoma ya karamu za waungwana, na watu wa kawaida walimpenda. Mtawala wa Pate, ambaye masimulizi humwita Daudi Mringwari, aliona katika sifa hizohizo hatari ya kupinduliwa. Wagalla, jina ambalo watu wa pwani waliwaitia mababu wa Waorma na jamaa zao, nao walikuwa na hukumu yao, kwa kuwa walipousikia ujasiri wake waliomba aoe kwao ili wapate mbegu ya shujaa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mtu mmoja kutazamwa kwa macho matatu: watu wanamtaka kwa kipaji chake, mkubwa anamwogopa kwa kipaji hichohicho, na jirani anakihesabia faida.

Namna Liyongo alivyotafutwa auawe inaeleza zaidi. Wawindaji wa mwituni waliotumwa wamwue walipanga kula makoma, matunda ya mkoma, mti unaoota kwa wingi katika delta, kwa zamu ya kupanda mtini, ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye akayaangua matunda kwa mishale akiwa amesimama chini, na mpango ukaharibika kwa sababu kipaji kiliwashinda waliokusudia kukitumia kama mtego. Baadaye alifungwa, akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa huku kelele za gungu zikifunika sauti ya kukata pingu, na mwishowe akauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakakaa bila maji kwa kumwogopa maiti. Utendi haumhukumu Mringwari kwa neno moja wala haumtakasi Liyongo kwa jingine, na huenda ndiyo sababu kisa kimedumu: msikilizaji ndiye anayeachiwa kuamua.

Upande wa nchi kavu, mabishano yalikuwa na kikao chake. Wapokomo walikuwa na gasa, baraza la wazee linalokutana mahali maalumu ili kusikiliza mashauri ya mashamba, ndoa na fidia, na Waorma walikuwa na wazee wao waitwao matadeda. Shauri la kila siku baina ya jamii hizi mbili lilikuwa la malka, neno linalotaja njia ambayo ng'ombe hupitishwa kati ya mashamba ya kando ya mto ili wafike majini wakati wa kiangazi. Swali la malka si swali la nani mwenye nguvu tu, bali ni la nani anastahili kupita, wapi, msimu gani na kwa idhini ya nani, na mjadala wake ulidai kumbukumbu: mzee aliyetaka kusikilizwa alihitaji kutaja mafuriko yapi yalihamisha shamba lipi, na baba ya nani alikubaliana na baba ya nani. Mto wenyewe haukusaidia, kwa maana umekuwa ukihama. Maji yake yaliwahi kuacha mlango wao wa kale na kufuata mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19, hadi Mto Ozi na Kipini, na shamba lililokuwa kando ya maji jana likabaki mbali nayo.

Mamlaka ya wazee wa Kipokomo yalishikamana na ngadzi, ngoma kubwa takatifu ambayo haikupigwa kama ngoma nyingine bali ilisuguliwa hadi ikanguruma, na ambayo haikuruhusiwa kuonwa na kila mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20 maafisa wa Uingereza waliichukua, ikapelekwa London katika Makumbusho ya Uingereza. Serikali ya kikoloni iliweka machifu, na neno "baraza" likapata maana mpya ya mkutano ambao chifu huzungumza na raia husikiliza. Tofauti kati ya gasa na baraza la chifu ni kubwa kuliko inavyosemwa: katika kikao cha kwanza hoja huzaa uamuzi, katika cha pili uamuzi umefika kabla ya watu kuketi. Jamii iliyozoea kupima mambo kwa maneno ilibidi itafute mahali pengine pa kuyapimia, na mpira ulipokuja ulikikuta kiti kikiwa wazi.

Katika Afrika Mashariki mpira ulitangulia kushika mizizi katika shule za misheni na mijini. Kiungani, shule ya wamisionari wa Kianglikana kisiwani Unguja, ilikuwa na wachezaji tangu karne ya 19. Kando ya Tana misheni zilifika mapema pia, Wamethodisti wakiwa Golbanti na Wajerumani wa Neukirchen wakiwa Ngao tangu mwaka 1887, na shule zao ndizo zilizowaandaa wasomi wa kwanza wa Kipokomo. Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengenezaji sabuni wa Uingereza, lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926, na tangu hapo kukawa na kitu kinachoitwa timu ya taifa ambacho mtu wa mbali angeweza kudai sehemu yake.

Umbali huo ndio msingi wa manung'uniko ya zamani ya mto. Mpira wa Mkoa wa Pwani ulikuwa wa Mombasa: klabu ya Feisal iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965 ilikuwa ya huko, na kijana wa Garsen aliyetaka kuonwa ilimbidi kwanza asafiri hadi kisiwani, akiomba mvua isikate barabara. Ndiyo maana katika Tana swali la "nani anastahili" halikutenganishwa kamwe na swali la "nani ameonwa".

Redio iliufupisha umbali kwa upande mmoja tu: mto uliisikia nchi, nchi haikuusikia mto. Sauti iliyowafunza wengi jinsi mechi inavyosimuliwa ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, Mombasa, mwaka 1940, mtoto wa kizazi cha watumwa waliokombolewa, ambaye alitangaza kandanda kwa Kiswahili katika Sauti ya Kenya na aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake kingine, "Je, Huu ni Ungwana?", kilipima adabu za watu hadharani, na si bahati kwamba mtu mmoja aliviweza vyote viwili. Msikilizaji wa redio hakumwona mchezaji, alimjengea sura kwa maneno, na kwa hiyo mabishano ya enzi hiyo yalikuwa mabishano juu ya masimulizi, karibu sana na yale ya Liyongo.

Mfano ulio karibu wa namna mchezaji mmoja anavyoweza kuigawa nchi ni wa Jesse Were. Alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Kenya mwaka 2015 akiwa Tusker, akahamia Zesco United ya Zambia na kuendelea kufunga, lakini kocha Sébastien Migné hakumjumuisha katika kikosi cha mwisho cha Harambee Stars, timu ya taifa, kilichokwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019. Watetezi wake walihesabu mabao ya klabu. Wapinzani wake walisema kwamba jezi ya taifa haikumletea mabao kwa kiwango hicho. Kenya ilifungwa na Algeria 2-0, ikaishinda Tanzania 3-2 kwa mabao mawili ya Michael Olunga na moja la Johanna Omolo, kisha ikafungwa na Senegal 3-0. Mabao yote matatu ya Kenya yalipatikana katika mechi moja, na hapo ndipo utamu wa kesi ulipo, kwa maana aliyemtaka Were aliashiria mechi mbili zisizo na bao, na asiyemtaka aliashiria ile moja yenye matatu. Hakuna upande uliodanganya. Katika gasa ushahidi wa namna hiyo ungerudishwa kwa wazee waulizwe upya; katika mpira huachwa ulivyo, na ubishi huendelea.

Kumbi za video, yaani mabanda ya mabati yenye viti vya mbao ambamo mtazamaji hulipa kiingilio, ziliingiza mtoni wachezaji wa mbali zaidi, na katika miji midogo ambayo umeme ulichelewa ziliendeshwa kwa jenereta. Aliyekaangwa kuliko wengi katika kumbi hizo kote Afrika ni Harry Maguire, beki ambaye Manchester United ilimnunua mwaka 2019 kwa pauni milioni 80. Jina lake lilifika hata bungeni Ghana, ambako mwaka 2022 mbunge Isaac Adongo alimfananisha naye makamu wa rais aliyekuwa akisimamia uchumi, na mwaka uliofuata mbunge huyohuyo akamwomba Maguire radhi, akisema beki amerudi katika hali nzuri na kiongozi hajarudi. Radhi hiyo ina uzito kuliko kicheko ilichozua, kwani ni mara chache mpinzani wa mchezaji kukiri hadharani kwamba ushahidi umebadilika.

Mabishano juu ya Maguire ni mepesi kwa sababu hayampunguzii mtu wa Garsen chochote. Hali ni nyingine mchezaji anapokuwa wa jirani. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma huko Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao na vijiji vingine, na chanzo chake kilikuwa ni lilelile swali la malka, malisho na ardhi, likiwa limechochewa na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Baada ya hapo mpira ulitumiwa kuwakutanisha vijana wa jamii zote mbili, jambo jema, lakini timu ya mchanganyiko huwa na tatizo ambalo waandaaji hawalipendi: kila anayewekwa benchi huhesabiwa kuwa ni wa upande fulani. Kenya ilikwisha kulijua tatizo hilo mwaka 1980, serikali ilipoagiza klabu ziache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards, ingawa Gor Mahia, yenye jina la mganga mashuhuri wa Waluo, ilibaki nalo. Jina hubadilishwa kwa siku moja. Hesabu ya nani amepata namba ngapi haibadiliki kwa agizo.

Kwa sababu hiyo ubishi juu ya mchezaji wa mbali haufai kudharauliwa kuwa ni upuuzi wa vijana wasio na kazi. Ndani yake Mpokomo anaweza kuungana na Muorma dhidi ya Mpokomo mwenzake, kwa kuwa mmoja ni wa Arsenal na mwingine wa Chelsea, na hukumu ikitoka hakuna ng'ombe anayezuiwa maji. Majina ya wachezaji wa akiba wa klabu za London yanajulikana Garsen kwa ukamilifu. Ngadzi ya Wapokomo ingali katika mji huohuo, ndani ya ghala la makumbusho.