Soko Lilifungwa, Shamba Likabaki

Mgeni akishuka bandarini Malindi hachelewi kupelekwa Mkunazini. Huoneshwa Kanisa Kuu la Kianglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873 pale palipokuwa na soko la watumwa, kisha huteremshwa katika vyumba vya giza vilivyo jirani. Kuhusu vyumba hivyo wako wanahistoria wanaobisha, wakisema jengo la juu yake ni la wamisionari, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Mimi nauliza jingine: waliouzwa Mkunazini na wasipelekwe ng'ambo, walikwenda wapi?

Walikwenda shamba. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, ambako Kampuni ya Waholanzi iliing'oa mikarafuu yote isiyokuwa mkononi mwake, ili bei isishuke. Wafaransa wakaiba miche, wakaipanda Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Seyyid Said aliwaamrisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Na karafuu, kama ajuavyo kila aliyewahi kupanda ngazi msimu wa vuno, huchumwa kishada kwa kishada, ikachambuliwa makonyo, ikaanikwa juani kabla mvua haijaiharibu. Kazi hiyo ilitaka mikono mingi, na mikono ilinunuliwa, mingi ikiletwa kwa majahazi kutoka Kilwa. Ada ilikuwa siku tano za bwana. Alhamisi na Ijumaa mtumwa alime mihogo yake. Na tusidanganyane kwamba wenye watumwa walikuwa Waarabu peke yao. Walikuwamo Waswahili, na Wahindi pia mpaka Balozi Rigby wa Uingereza alipowalazimisha kuwaacha huru mwaka 1860.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba, soko likafungwa. Hapa wengi wetu huchanganya. Kilichopigwa marufuku ni biashara. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali kwa miaka 24 mingine. Saba ya miaka hiyo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, dola iliyojisifu duniani kwa kuwakomboa watumwa. Wakubwa wale waliogopa karafuu zitaozea mitini na hazina ikauke.

Ndipo ikaja amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed, tarehe 6 Aprili 1897. Isomeni masharti yake. Mtumwa hakuamka asubuhi akajikuta huru. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru. Bwana wake alilipwa fidia. Yeye hakupewa hata rupia moja, wala pishi ya ardhi, na akishindwa kuonesha mahali pa kukaa na njia ya kujilisha aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria hawakupewa haki hiyo sawa na watumwa wengine hadi 1909.

Basi mtu wa namna hiyo angekwenda wapi? Kwao kulikuwa mbali, na wengine walikuwa wazalia wasiokujua. Wengi walibaki palepale, sasa wakiitwa maskwota: wapalilie mikarafuu ya tajiri, nao waruhusiwe kulima mihogo na viazi chini yake. Kupanda mti hawakuruhusiwa, kwa kuwa mti ni mali, na mwenye mti ana neno juu ya ardhi. Hali hiyo ilirithiwa na watoto, na wajukuu, hata Mapinduzi ya 1964 yalipoikuta, na serikali ya Mzee Karume ikaanza kugawa mashamba kwa ekari tatu tatu.

Yule mgeni wa Mkunazini, kesho yake hupandishwa gari kwenda kutembezwa mashamba ya viungo. Hunusishwa karafuu, akavishwa kofia ya makuti, akapigwa picha. Mara nyingi pale Kizimbani, shamba ambalo ni miongoni mwa yale ya kwanza kabisa kupandwa mikarafuu Unguja. Kibao kimoja pale, cha kuwataja walioipanda, kingetosha kuanzia.