Mwarobaini: Matumizi Salama ya Nje ya Mwili na Mipaka Yake

Mwarobaini ni miongoni mwa miti dawa inayofahamika zaidi katika kaya za Tanzania. Jina lake limetokana na imani ya muda mrefu kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Imani hiyo imeusaidia mti kutunzwa na kuheshimiwa, lakini pia imewafanya baadhi ya wananchi kuutumia pale usipofaa, hususan kwa watoto wachanga na wagonjwa wenye homa. Makala haya yanaeleza matumizi ya nje ya mwili yanayoweza kufanyika nyumbani, tahadhari zake, na dalili zinazomtaka mgonjwa afike kituo cha afya bila kuchelewa.

Kuutambua mti

Mwarobaini, ambao kitaalamu huitwa Azadirachta indica, asili yake ni Bara Hindi na Myanmar. Majani yake ni machungu, yenye kingo za meno kama msumeno, na hupangika pande mbili za kikonyo kimoja kisicho na matawi. Maua yake ni meupe na tunda bivu huwa la manjano.

Mti huu hufananishwa mara nyingi na mmelia, ambao ni ndugu yake wa karibu. Mmelia una maua ya zambarau na kikonyo cha jani lake hugawanyika katika vikonyo vidogo. Matunda ya mmelia yana sumu. Asiye na uhakika wa mti alionao asiutumie.

Matumizi ya nje yaliyozoeleka

Maji ya majani yaliyochemshwa hutumika kuosha ngozi inayowasha, na majani yaliyopondwa hupakwa penye choa au upele. Mafuta ya mbegu huchanganywa na mafuta ya nazi na kupakwa ili kufukuza mbu au kuua chawa. Mbegu hizo zina kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo huvuruga ukuaji wa wadudu. Ndiyo sababu mwarobaini hutumika pia katika viuatilifu vya mazao.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 nchini India ulihusisha watu 814 wenye upele waliopakwa mchanganyiko wa mwarobaini na manjano, na wengi wao walipona. Hata hivyo, utafiti mmoja hautoshi kuifanya dawa ya nyumbani ichukue nafasi ya losheni ya upele inayotolewa hospitalini. Aidha, tiba yoyote ya upele haitafanikiwa iwapo wanakaya wote hawatatibiwa kwa wakati mmoja, na nguo na mashuka kufuliwa kwa maji ya moto.

Namna ya kuandaa

1. Chuma majani mabichi mbali na barabara yenye vumbi na mashamba yaliyonyunyiziwa dawa, kisha yaoshe kwa maji safi.
2. Chemsha konzi moja ya majani katika lita 1 ya maji kwa takriban dakika 15, kisha funika na uache yapoe kabisa.
3. Chuja kwa kitambaa safi.
4. Pima kwanza kwa kupaka kiasi kidogo sehemu ya ndani ya mkono na kusubiri saa 24. Ngozi ikiwasha, ikivimba au kuwa nyekundu, usiendelee.
5. Tumia siku hiyo hiyo na kumwaga yanayobaki, kwa kuwa maji hayo hayana kihifadhi na vijidudu huota humo haraka.

Mchanganyiko au mafuta ya mwarobaini yasiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, kwani mtoto anaweza kuyanywa kwa kudhani ni kinywaji.

Mahali pasipofaa

Mwarobaini usiwekwe machoni, kwenye kidonda kirefu, wala kwenye jeraha la moto. Aliyeungua aoshwe kwanza kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe majani ya aina yoyote, kwani uchafu unaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda.

Mafuta ya mbegu yasinyweshwe mtoto kwa kiasi chochote. Mwaka 1981, madaktari nchini Malaysia waliripoti katika jarida la Lancet kuhusu watoto wachanga waliopata sumu baada ya kunyweshwa mafuta hayo. Dalili zake ni kutapika, kusinzia, kupumua kwa kasi na degedege. Wajawazito nao hawapaswi kuyanywa.

Homa isitibiwe kwa kuogeshwa

Kumwogesha mtoto kwa maji ya mwarobaini au kumfukiza kwa nyungu hakuui vimelea vya malaria vilivyo ndani ya damu, na mvuke unaweza kumuunguza. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya akafanyiwe kipimo cha haraka cha malaria na, akibainika kuwa nayo, apewe dawa mseto. Vilevile, kupaka mafuta ya kufukuza mbu hakuondoi ulazima wa kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

Mgonjwa wa ngozi anashauriwa kumwona mtaalamu wa afya endapo sehemu iliyoathirika inatoa usaha, inasambaa haraka au inaambatana na homa.

Dawa zinazouzwa

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosimamia huduma hizo na kusajili waganga. Mwananchi anayenunua dawa ya mwarobaini ana haki ya kumuuliza muuzaji kuhusu usajili wake na wa dawa hiyo. Vilevile, anapofika hospitali amweleze mhudumu dawa zote za asili alizotumia. Taarifa hiyo humsaidia mhudumu kutambua chanzo cha tatizo na kuchagua tiba iliyo salama.